Tunabishania Tarakilishi, Kompyuta Imegoma

Mdogo wangu ana steshenari Titye, upande wa Kasulu, kule kwetu kwenye vilima vya Kigoma. Ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma, chenye printa, mashine ya kutoa kopi, na laptopu ya mtumba ambayo ndiyo injini ya duka zima. Walimu wanamletea mitihani ya majaribio imeandikwa kwa mkono, vijana wanaleta barua za kuomba kazi, vikundi vya kukopeshana vinaleta katiba zao. Yeye anachapa. Mwaka jana, mwezi wa saba, alinipigia simu.

"Shikamoo kaka. Kompyuta imegoma. Yale madirisha hayabadiliki."

"Marahaba. Madirisha yapi?"

"Nikibonyeza vile vitufe viwili. Hayahami."

Nilikuwa Dar es Salaam, nakimbizana na makala ya Siku ya Kiswahili Duniani, ile ya tarehe 7 Julai. Nilikuwa nimefika aya ya tatu, panapohusu Kiswahili kuwa lugha ya sayansi na teknolojia. Nikamwambia azime awashe. Akasema ameshazima na kuwasha mara tatu. Nikamwambia, "Basi peleka kwa fundi." Nikarudi kwenye aya yangu.

Sentensi hiyo ya kumpeleka kwa fundi ndiyo inayonifanya niandike leo.

Kwa asiyejua alichokuwa anakisema: ukishikilia kitufe cha Alt na kugonga Tab, kompyuta inakuhamisha kutoka dirisha moja lililofunguliwa kwenda jingine. Mdogo wangu anapiga picha karatasi za walimu kwa simu, anafungua picha kwenye dirisha moja, anachapa kwenye jingine, na siku nzima anaruka kati ya hayo mawili. Kipanya chake kinakwama kwama. Bila Alt na Tab, mtihani wa saa moja unakuwa wa saa tatu.

Alimpelekea fundi mjini. Fundi akafanya kile ambacho mafundi wetu wengi hufanya: akapiga window upya. Mnaijua hiyo kauli. Kompyuta ikiwa nzito, piga window. Ikikataa kuprinti, piga window. Alimuuliza kama kuna vitu muhimu ndani, naye akajibu kuwa mitihani yote iko kwenye flashi. Akalipa shilingi 20,000. Diski ikafutwa, Windows mpya ikaingia.

Usiku wa siku hiyo ndipo alipokumbuka madaftari ya baba.

Baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alianza kuandika kwenye kauntabuku: visa vya Waha, majina ya vilima na sababu zake, methali za Kiha na maelezo yake kwa Kiswahili. Aliacha madaftari saba. Mdogo wangu aliyachapa yote, jioni baada ya wateja kuondoka, kazi ya karibu miaka miwili. Baadaye mchwa wakaingia kwenye sanduku na kula matatu. Hatukulia sana wakati ule, kwa sababu tulijua yako kwenye kompyuta.

Sasa hayako popote.

Nilienda Titye mwezi wa nane. Kiangazi, vumbi jekundu kila mahali, hadi kwenye meno ya chanuo. Nikamwomba anionyeshe lile tatizo. Jamani, bado lilikuwepo! Windows mpya kabisa, diski nyeupe, na madirisha hayahami. Nikashikilia Alt ya kulia badala ya ile ya kushoto, nikagonga Tab. Yakahama. Nikarudi kwenye Alt ya kushoto, hayahami. Kitufe cha kushoto kilikuwa kimekufa. Tulikinyanyua taratibu kwa ukucha, tukapuliza, tukasafisha kwa brashi kavu ya mswaki, kikaamka. Dakika 10, pamoja na muda wa kuutafuta mswaki.

Sitaki mtu amlaumu yule fundi. Naye alijifunza kwa kumwangalia fundi mwingine, ambaye alimwangalia mwingine. Ana dawa moja kwa kila ugonjwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandikia ukurasa unaosema: kabla ya kufuta diski ya mtu, jaribu haya matano. Wa kulaumiwa ni sisi. Mimi, na wewe unayesoma blogu hii.

Nitaeleza.

Wiki ileile, kundi letu la WhatsApp la wapenzi wa Kiswahili lilikuwa na ubishi wa siku tatu. Kompyuta iitwe kompyuta, au tarakilishi kama wanavyopenda wenzetu Wakenya, au ngamizi? Kibodi iwe baobonye au kicharazio? Nenosiri au nywila? Nilichangia kwa nguvu. Nilitoa hoja za maumbo ya maneno, nikasifiwa, nikatumiwa makofi. Katika siku hizo tatu hakuna hata mmoja wetu aliyeandika sentensi moja ya kumsaidia mtu ambaye hiyo tarakilishi yake imekataa kufanya kazi.

Ndivyo tulivyozoea. Tunaipima lugha kwa orodha ya majina. Jina likipatikana, tunahesabu kuwa kazi imekwisha. Na majina tunayo tele! BAKITA ipo tangu 1967, na kazi yake ya kusanifu istilahi siidharau hata kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nayo ikatangaza kuleta Windows kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 imepita. Watu wa Kilinux walifanya kazi kubwa ambayo wengi wetu hatungeiweza. Lakini menyu ni majina ya vitu vinavyofanya kazi. Siku kitu kikigoma, menyu haikwambii uanzie wapi. Hapo panatakiwa aya, na kuandika aya ni kazi ya watu wa aina yetu.

Chukua neno kishikwambi. Lilipoanza kusikika, watu walicheka. Leo hata bibi yangu analijua. Kwa nini? Kwenye Sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba nacho mkononi. Walikuwa wamefundishwa kukiwasha, kukichaji, kujaza dodoso, kutuma taarifa. Baadaye vikapelekwa kwa walimu. Neno lilishika kwa sababu lilizungukwa na sentensi za kazi: kishikwambi kikizima fanya hivi, kikikataa mtandao fanya vile. Baobonye haikupata sentensi hizo. Ilibaki kwenye orodha, na sisi tukabaki kuigombania.

Najua yatakayosemwa, kwa hiyo tuyamalize.

La kwanza: "Hii si fasihi." Blogu hii ni ya insha na uhakiki, vitufe vinatafuta nini hapa? Naomba nimjibu msemaji huyo kwa mtu wa mkoa wetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji. Kitabu chake kinachotajwa kila mtu akizungumzia ushairi wa Kiswahili kilitoka 1954 na kinaitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Soma jina hilo taratibu. Sheria zimetangulia, diwani imefuata. Alikaa chini akaeleza vina ni nini, mizani ni nini, shairi linakosea wapi, ili kijana asiyekuwa na mwalimu karibu aweze kujifunza peke yake. Shaaban Robert naye, juu ya tungo zake zote, aliona si aibu kuandika Kielezo cha Insha. Wakubwa wetu hawakuona kuwa kueleza jinsi ya kufanya jambo ni kazi ya ngazi ya chini. Dharau hiyo tumeileta sisi, tuliosoma chuo kikuu.

Tena tuliwahi kuifanya kazi hii kwa kiwango cha nchi nzima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya karibu watu milioni 2 kwenye vikundi, na redio na vitabu vya Kiswahili chepesi, wakafundishana juu ya maji safi, malaria na kuchimba vyoo. Na vyoo vikachimbwa. Kuna mtu alikaa akaandika vitabu vile, akachagua neno ambalo mkulima atalielewa, akapanga hatua zisipishane. Jina lake halimo kwenye mihadhara yetu ya fasihi. Nathubutu kusema nathari yake iliokoa watoto wengi kuliko riwaya zote nilizowahi kuzihakiki hapa.

La pili: "Kompyuta ni ya Kiingereza, ajifunze Kiingereza." Mdogo wangu amefika kidato cha nne. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia sekondari akakuta kila somo kwa Kiingereza, akapambana, akafaulu masomo manne. Anajua Kiingereza cha kujibia mtihani. Ukurasa wa Kiingereza wa fundi anayemwandikia fundi mwenzake ni kitu kingine kabisa. Na tangu lini kufungua duka la kuchapa barua za Kiswahili kijijini kukahitaji ruhusa ya lugha nyingine?

La tatu: "Siku hizi mashine zinatafsiri." Alijaribu hilo kabla hata ya kunipigia. Tafsiri ikamwambia ashikilie Alt kisha abonyeze "kichupo". Akatafuta kitufe kilichoandikwa kichupo, asikione, kwa sababu hakipo. Mashine ilichanganya kitufe cha Tab na vile vichupo vya kwenye kivinjari, ambavyo kwa Kiingereza vina jina lilelile. Mtu aliyekaa mbele ya kibodi asingekosea hivyo. Angeandika: kile kitufe cha kushoto, juu ya kile cha herufi kubwa, chenye mishale miwili.

La nne, na hili lina uzito: "Video zipo." Kweli zipo. Kuna vijana wa Kitanzania wanafundisha kompyuta kwa Kiswahili safi, tena bure, na nawavulia kofia. Lakini video inakula bando. Unasubiri dakika saba za salamu na kuombwa ubonyeze kengele kabla ya kufika kwenye sentensi unayoitaka. Huwezi kuirudia kwa jicho, huwezi kuitoa kopi ukaibandika ukutani. Maandishi yanaweza yote hayo, na ndiyo maana wengine wote waliotengeneza kompyuta hawakuacha kuyaandika.

Basi badala ya kulalamika tu, huu hapa ukurasa ambao mdogo wangu angepaswa kuukuta mwezi wa saba. Ni kwa Windows 10 na 11. Ukihitaji, uchukue, utoe kopi, futa jina langu.

1. Kabla ya kugusa chochote, hifadhi kazi zako zote kwenye flashi. Zote, hata zile usizozitumia mwezi huu.

2. Jaribu Alt ya upande wa pili. Kibodi nyingi zina mbili, kushoto na kulia kwa kile kitufe kirefu cha nafasi. Ya kulia ikikubali na ya kushoto ikikataa, Windows yako ni nzima, kitufe ndicho kibovu.

3. Pima vitufe. Shikilia kitufe chenye alama ya Windows, gonga R, andika osk, kisha Enter. Kibodi itatokea kwenye kioo. Sasa bonyeza vitufe halisi kimoja kimoja na utazame kioo. Ukibonyeza Tab na Tab ya kwenye kioo ikabadilika rangi, kitufe ni kizima. Isipobadilika, safisha kitufe, au chomeka kibodi ya nje ya USB ujaribu nayo.

4. Vitufe vyote vikiwa vizima, shikilia Ctrl na Shift, gonga Esc. Dirisha la Task Manager litafunguka. Tafuta mstari ulioandikwa Windows Explorer, ubonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Restart. Kioo kitapepesa kidogo, ule mstari wa chini utapotea na kurudi. Usiogope. Jaribu tena Alt na Tab.

5. Kumbuka kama kuna mtu alishikilia Shift ya kulia kwa muda mrefu, mtoto kwa mfano. Ukiishikilia sekunde 8, Windows huuliza kama uwashe kitu kinachoitwa Filter Keys. Ukikubali bila kusoma, kompyuta inaanza kupuuza vitufe vinavyogongwa haraka. Shikilia tena Shift ya kulia sekunde 8 kukizima. Kugonga Shift mara tano nako huleta swali la aina hiyo, la Sticky Keys.

6. Wakati unatafuta dawa, kazi isisimame. Alt na Esc huzungusha madirisha moja baada ya jingine. Kitufe cha Windows na Tab huonyesha madirisha yote, ukachagua kwa mishale na Enter. Kwa hiyo kama Alt zote zimekufa, njia hii ya pili bado inakubali.

7. Kama yote yameshindikana, hapo nenda kwa fundi. Mwambie ulichokwisha kujaribu. Akisema atapiga window, muulize: utahifadhi wapi vitu vyangu kabla ya kufuta? Na kama diski imeshafutwa na kuna kitu ulikisahau, acha kuitumia kompyuta hiyo mara moja. Kwenye diski nyingi za zamani vitu vilivyofutwa huweza kurudishwa, ilimradi havijaandikiwa juu.

Hatua hiyo ya saba ina uchungu kwangu. Mdogo wangu alichapa mitihani kwenye diski ileile kwa majuma matano baada ya kufutwa, kila siku akiandika juu ya maneno ya baba bila kujua. Hakuna aliyemwambia aache. Nilipompelekea diski hiyo fundi mwingine Dar es Salaam, alirudisha vipande: nusu ukurasa wa methali, orodha ya vilima 11, sentensi iliyokatika katikati.

Sasa rudi kwenye ukurasa ule uutazame kama mhakiki. Sikutumia baobonye wala kicharazio. Nilitumia kibodi, kwa kuwa ndilo neno la dukani. Alt na Tab nimeziacha kama zilivyo, kwa kuwa ndivyo zilivyoandikwa kwenye kitufe na msomaji atazitafuta kwa macho. Nilipata shida kubwa kuliko nilivyotarajia. "Dirisha" ni lipi, na ule "mstari wa chini" nitauitaje? Nilifuta mara nyingi. Nimewahi kuandika uhakiki wa riwaya ya kurasa 300 kwa jioni moja. Ukurasa huu ulinichukua siku mbili. Anayesema uandishi huu ni mwepesi hajaujaribu.

Ombi langu kwenu ni dogo na nitalisimamia. Kila mmoja anayesoma hapa anajua kurekebisha kitu kimoja: printa inayovuta karatasi tano kwa mpigo, simu iliyojaa picha, faili la Word lililogoma kufunguka, cherehani inayoruka uzi. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Anza na kile mtu anachokiona kwa macho, siyo na jina la ugonjwa. Tanguliza hatua isiyoweza kuharibu kitu. Ionye mapema hatua inayoweza kuharibu. Halafu mpe mtu mmoja mwenye tatizo hilo, umtazame akisoma, usimsaidie. Atakapokwama, hapo ndipo ulipoandika vibaya. Ubishi wa tarakilishi utatusubiri, hauna haraka.

Na wahariri wa blogu na magazeti ya fasihi, mimi nikiwa mmojawapo, tuache kuzirudisha kurasa hizo kwa kisingizio kwamba hazina sanaa.

Ukurasa ule sasa umebandikwa ukutani Titye, juu ya printa. Mwalimu mmoja ameshaupiga picha. Nilipoutuma mara ya kwanza, habari ya flashi niliiweka mwisho kabisa, kama nyongeza, mstari mmoja. Mdogo wangu aliurudisha amesahihisha kwa kalamu nyekundu, kama baba alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu. Alikuwa ameukata mstari huo chini, akauandika upya juu, wa kwanza. Yale maneno "hata zile usizozitumia mwezi huu" ni yake.